Jinsi ya Kusuka Kikosi cha Mpira wa Kikapu Chini ya Ukomo wa Mishahara

Mtu wa Kampala anayefuatilia NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, hulazimika kuamka saa tisa au saa kumi usiku ili aone mechi moja kwa moja, na huenda ndiyo sababu mazungumzo yetu ya asubuhi huishia kwenye pointi zilizofungwa, huku karatasi ya mishahara ikisahaulika. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua kikosi kinavyosukwa pale ambapo fedha zina kikomo, awe anacheza mchezo wa umeneja kwenye kompyuta au ameketi katika kamati ya timu yenye mdhamini mmoja asiyependa kupigiwa simu katikati ya msimu.

Kwanza uelewe ukomo wenyewe, yaani kiwango kilichowekwa na ligi kwa jumla ya mishahara ya timu moja kwa msimu. NBA iliuanzisha katika msimu wa 1984–85 ukiwa dola milioni 3.6 kwa kila timu. Katika msimu wa 2025–26 umefika dola milioni 154.647, kwa kuwa hupangwa kila mwaka kulingana na mapato ya ligi. Usiufikirie kama ukuta. Timu inaruhusiwa kuuvuka kwa njia zilizoandikwa kwenye mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji, lakini ikizidi milioni 187.895 inalipa kodi ya anasa, yaani faini kwa ligi, na mbele ya hapo kuna mistari miwili, wa milioni 195.945 na wa milioni 207.824, ambayo kila mmoja unampunguzia meneja uhuru wa kufanya kazi yake. Kubana matumizi kupita kiasi nako hakuruhusiwi, kwani timu inatakiwa kutumia angalau asilimia 90 ya ukomo.

Ukishayajua hayo, chora jedwali kabla hujataja jina la mchezaji yeyote unayemtamani. Upande wa kushoto weka nafasi 15 za mikataba kamili, na chini yake nafasi 3 za wale wanaogawana muda kati ya timu kuu na timu ya ligi ya maendeleo. Juu andika misimu minne ijayo, wala usiandike msimu huu peke yake. Weka alama mahali ambapo mkataba unaisha, mahali ambapo mchezaji ana hiari ya kuondoka na mahali ambapo hiari ni ya timu. Mameneja wengi wa mezani hujaza safu ya kwanza kwa ustadi mkubwa, kisha hushangaa mwaka wa pili wanapokuta wachezaji watatu wanadai nyongeza kwa wakati mmoja.

Sasa anza na nyota, kwa sababu mishahara yao ndiyo inayoamua yaliyobaki. Mshahara wa juu kabisa hupimwa kwa sehemu ya ukomo: asilimia 25 kwa mchezaji mwenye miaka isiyozidi 6 katika ligi, asilimia 30 kwa mwenye miaka 7 hadi 9, na asilimia 35 kwa mwenye miaka 10 au zaidi. Tuseme unao wawili, mmoja wa asilimia 35 na mwingine wa asilimia 30. Wameshachukua takriban dola milioni 100.5, na umebaki na milioni 54 kwa watu 13. Ukiwapa kumi kati yao mshahara wa chini wa wazoefu, ambao ni kama milioni 2.3 kila mmoja, unabaki na milioni 31 kwa watu watatu. Hao watatu ndio kikosi chako. Nyota wawili kila mtu anawajua, na wale kumi wa mwisho hubadilika kila mwaka, ila ubora wa mtu wa tatu, wa nne na wa tano ndio unaotenganisha timu ya fainali na timu inayotolewa mapema.

Kwa maoni yangu, mchezaji ghali kuliko wote si yule nyota wa asilimia 35, anayelipwa milioni 54. Nyota wa kweli mara nyingi anastahili zaidi ya anacholipwa, kwa kuwa kanuni zimemwekea dari. Ghali ni mchezaji wa wastani aliyefunga vizuri katika miezi miwili ya mwisho, akapewa milioni 20 kwa miaka minne, na sasa hakuna timu inayomtaka hata ukimwambatanisha na chaguo la drafti, yaani haki ya kuchagua mchezaji chipukizi. Ukisikia moyo unakuvuta kumsaini mtu wa namna hiyo, mpe mshahara mkubwa kwa miaka miwili badala ya mshahara wa kadiri kwa miaka minne.

Faida kubwa hupatikana kwa anayelipwa chini ya thamani yake. Mchezaji aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti hupewa mkataba wa kiwango maalumu, miaka miwili ikiwa na uhakika na miwili inayofuata ikiwa hiari ya timu, hivyo anaweza kucheza kama nyota akiwa bado analipwa mshahara wa mwanafunzi. Golden State Warriors walimsaini Kevin Durant mwaka 2016 kwa sababu mbili za kihesabu: ukomo uliruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mara moja, na Stephen Curry alikuwa bado kwenye mkataba wa zamani uliomlipa takriban milioni 12 tu.

Hapa ndipo mpangilio wa hatua unapokuwa na uzito kuliko fedha zenyewe. Mchezaji wako anayemaliza mkataba unaweza kumsaini tena hata kama umeshajaza ukomo, kwa kanuni inayoitwa haki za Bird, kwa jina la Larry Bird, nyota wa zamani wa Boston Celtics. Haki kamili hupatikana baada ya misimu mitatu bila mchezaji kuachwa wala kuhama kama mchezaji huru, yaani asiye na mkataba. Lakini kabla hajasaini, kiasi fulani hushikiliwa kwenye hesabu yako kwa ajili yake. Katika kiangazi cha 2024 Philadelphia 76ers walikuwa na Tyrese Maxey, ambaye kiasi chake kilichoshikiliwa kilikuwa takriban milioni 13, ingawa mshahara wake mpya ungeanza kwenye milioni 35. Wakamwomba asubiri, wakatumia nafasi iliyobaki kumsaini Paul George kutoka nje, kisha wakamrudia Maxey na kumlipa kamili. Wangeanza na Maxey, milioni 22 hivi zingetoweka. Hesabu ilikuwa safi mno, ingawa majeraha hayasomi hesabu: msimu huo walishinda mechi 24 na kupoteza 58.

Timu isiyo na nafasi kabisa bado ina ruhusa ya kiwango cha kati, yaani fungu la kusaini wachezaji hata juu ya ukomo, milioni 14.1 kwa 2025–26, inayoweza kugawanywa kwa wachezaji zaidi ya mmoja. Ukiitumia yote, huruhusiwi tena kuvuka ule mstari wa milioni 195.945 msimu huo. Mstari wa pili ni mkali zaidi. Aliyeuvuka hawezi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili apate mmoja mkubwa, hawezi kutoa fedha taslimu katika mabadilishano, na chaguo lake la raundi ya kwanza la drafti ya mwaka wa saba ujao hufungiwa, yaani hawezi kulitoa katika mabadilishano. Ndiyo maana Boston Celtics, mabingwa wa 2024, waliwatoa wachezaji wao Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis katika mabadilishano mwaka mmoja tu baadaye.

Kwa anayesuka timu hapa Uganda, mfuko wa mdhamini ndio ukomo, na hauna ruhusa maalumu. Katika jedwali lako, mchezaji wa kutoka nje asiandikwe kwa mshahara wake peke yake. Mwandikie na nauli ya ndege, kodi ya nyumba na kibali cha kazi, kisha ulinganishe jumla hiyo na vijana wawili wa vyuo vikuu wanaoijua ligi. Tenga pia fungu la matibabu ya goti, maana litahitajika.

Mwisho, usijaze nafasi ya 15 mwezi wa Oktoba. Ligi hukuruhusu kuanza na wachezaji 14, na baada ya dirisha la mabadilishano kufungwa mwezi Februari, wazoefu huanza kuachwa na timu zisizo na matumaini. Aliyeachwa kufikia tarehe 1 Machi anaweza kukuchezea katika hatua ya mtoano, kwa mshahara wa chini uliokokotolewa kwa siku zilizobaki tu.