Namna ya Kuandaa Dira ya Maji ya Miaka 30 kwa Vijiji vya Bonde Moja

Kazi yangu ni kuendesha vikao vya mipango ya maji vijijini, na sehemu kubwa nimeifanyia hapa Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Naandika kwa ajili ya afisa maendeleo, diwani au mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji aliyepewa jukumu la kuvikutanisha vijiji kadhaa vikubaliane juu ya maji yao ya miaka 30 ijayo.

Hatua ya 1: Fuata maji, usifuate mipaka ya wilaya

Mkoa wetu umegawanyika katika mabonde matatu. Makorongo yanayoingia Kinyasungwe ni ya Bonde la Wami/Ruvu. Mto Bubu, unaopita Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, ni wa Bonde la Kati. Kizigo, unaoelekea Mtera, ni wa Bonde la Rufiji. Kwa hiyo kijiji kilicho juu ya korongo na kile kilicho chini yake vikae kikao kimoja, hata kama kila kimoja kina mkurugenzi wake.

Hatua ya 2: Ita watu kwa wakati wao

Vikao viwe baada ya mavuno, mwezi wa 6 hadi wa 8. Ukiita wakati wa palizi utapata viongozi peke yao. Waalike wafugaji, wakulima wa zabibu, wenye visima binafsi na akina mama wanaochota maji. Usiwasahau wachimba mchanga. Mchanga wa korongo ndio unaohifadhi maji ya kiangazi. Ukisombwa wote kwenda kujengea nyumba mjini, mama aliyekuwa akifukua kwa mikono na kupata maji atafukua mpaka kwenye mwamba.

Hatua ya 3: Anzeni na kumbukumbu

Hapa usiwe na haraka. Niliwahi kwenda kwenye kikao na dira iliyokwisha kuandikwa mjini, nzuri, yenye picha za rangi. Wazee walisikiliza mpaka mwisho, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Tangu siku hiyo naenda na kamba ya katani ya mita 20 na debe la mawe.

Tandaza kamba chini, kivulini. Mwisho mmoja ni mwaka ambao mzee kuliko wote pale anaukumbuka. Mwisho wa pili ni leo. Kila anayekumbuka kifuku kikubwa aweke jiwe jeupe, na anayekumbuka mwaka wa njaa aweke jeusi. Watabishana, waache wabishane. Kwenye kikao kimoja bibi mmoja alinyanyuka, akasogeza jiwe jeupe la mwenzake hatua mbili, akasema, "Sivyo, kaka. Mwaka wa Elnino nilikuwa namnyonyesha huyu," akamwonyesha mwanawe aliyekaa nyuma, mtu mzima mwenye ndevu. Jiwe likabaki kwenye 1997/98.

Kisha waulize: baada ya kila jiwe jeupe, kisima chenu kilikaa na maji miaka mingapi?

Jibu lao huwa linafanana sana na vipimo vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, visima vilivyolinywesha jiji la Dodoma kwa miongo mingi. Kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 za kina cha maji pale zinaonyesha kwamba hifadhi ya chini ya ardhi haijazwi na mvua ya kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, mingi yake ikiwa ya Elnino, halafu maji hushuka taratibu kwa miaka mingi. Wakishaliona hilo kwenye kamba yao wenyewe, wanaelewa kwamba dira ya maji huku kwetu haihesabiwi kwa bajeti ya mwaka. Swali ni hili: tutavuka vipi kutoka jiwe jeupe moja hadi lingine bila kukausha kisima?

Hatua ya 4: Kila kundi liseme litaachia nini

Kila mtu anataka maji mengi, na kauli ya namna hiyo haimfungi yeyote. Yagawe makundi, kila moja litaje jambo moja linalohitaji na jambo moja litakaloachia, kwa kuanza na miaka ya mawe meusi. Wafugaji wanaweza kukubali ng'ombe wanyweshwe kwenye birika tu, wasiingie lamboni, ilimradi njia ya mifugo isilimwe. Wenye bustani wanaweza kupunguza pampu kina kikifika alama fulani. Alama hiyo iandikwe kwa mita. Neno "kikipungua" litawagombanisha.

Hatua ya 5: Ipe dira pa kukaa

Iandikwe kurasa mbili, kwa Kiswahili cha mkutanoni. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji, ipite kamati ya maendeleo ya kata, ifike kwa madiwani na kwenye bodi ya maji ya bonde husika, maana kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, vibali vya kutumia maji hutolewa na bodi. Dira isiyofika huko haitamzuia mtu mwenye kibali kuchimba kisima kirefu kando ya chenu.

Hatua ya 6: Pimeni

Nunueni futi kamba ndefu, mfunge uzito mwishoni. Vijana wawili, wa kike na wa kiume, wapime kisima kimoja cha kila kijiji kila mwisho wa mwezi, asubuhi kabla pampu haijawashwa, na waandike kwenye daftari gumu. Daftari likae kwa mtu ambaye nyumba yake haivuji. Kila mwaka baada ya mavuno, rudini kivulini na kamba ileile, muongeze jiwe la mwaka huo.