Soseji za kuku asubuhi ya shule
Wenye watoto wa shule, pakiti ya soseji za kuku zilizokwisha kupikwa inaokoa asubuhi, ila soma maandishi kwanza: nyingine ni mbichi, na kwa macho huwezi kujua. Jioni toa za kesho tu kwenye friza, ziyeyukie chini kwenye friji. Asubuhi usikimbilie mafuta. Tia maji vijiko vitatu kwenye kikaango, funika dakika kama tano zipate moto hadi katikati. Maji yakikauka ndipo uweke mafuta kidogo, uzigeuze zipate rangi. Hazipasuki ovyo, wala mafuta hayakurukii nguo ya kazini. Usizikaushe sana tu, zinakuwa kama mpira. Mimi huzikunja ndani ya chapati ya jana na kachumbari.