Kupanga Saa za Mwanga katika Tangi la Matumbawe

Matumbawe mengi yanayofugwa hubeba ndani ya miili yao mwani mdogo mno, zooksantheli, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Kwa hiyo ratiba ya taa ni ratiba ya mlo pia. Karibu na ikweta mchana huchukua takriban saa 12, lakini jua la asubuhi na la jioni hupiga maji kwa mshazari, na mwanga mkali hufika miambani kwa saa chache tu.

Anza, basi, na jumla ya saa 10: taa za bluu ziwake saa 4 asubuhi, nyeupe ziongezwe taratibu hadi saa 6 mchana, zianze kufifia saa 11 jioni, na zote zizimike saa 2 usiku. Anayerudi kazini jioni anaweza kusogeza kila kitu mbele kwa saa mbili, kwani matumbawe hayajali saa ya ukutani bali mpango usiobadilika, na hapo taima ni ya kuaminika kuliko kumbukumbu ya mtu.

Taa mpya zianze kwa nusu ya nguvu, kisha ziongezwe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Matumbawe yakianza kupauka, punguza ukali kabla ya kupunguza muda. Mwani ukitanda kwenye vioo, pima kwanza naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vya majini vinavyolisha mwani, maana mara nyingi taa husingiziwa.