Hesabu Taa ya Mita Yako Kabla Hujagombana na Watoto

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, chumba cha mbele, Mbagala. Cherehani yangu ni ya miguu, haili umeme. Kwa hiyo LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ilipoisha kabla ya wakati, lawama zote ziliwaendea watoto: nani kaacha taa chooni, nani kalala na televisheni. Tukazima taa kwelikweli, tukawa tunakula kwa mwanga wa simu. Mwezi huo tulinunua uniti 93.

Nikae kidogo kwenye hiyo 93, maana ndipo pesa inapovuja. Mita yetu iko kwenye D1, daraja la watumiaji wadogo. Kwa bei za tangu Aprili 2016, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Fanya hesabu: 75 za kwanza ni shilingi 7,500, halafu zile 18 za juu peke yake ni 6,300. Ukizoea kuzidisha, unahamishiwa T1, daraja la juu yake, ambako kila uniti ni 292 tangu ile ya kwanza. Kwa mwenye mita kama yangu, kazi yote ni kubaki chini ya 75, yaani uniti 2 na nusu kwa siku. (Na ukiona manunuzi ya kwanza ya mwezi yamekupa uniti chache, usidhani umeibiwa. Kodi ya jengo ya kila mwezi inakatwa humohumo.)

Sasa jifunze kuisoma mita. Usoni mwake kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na pembeni yake pameandikwa imp/kWh na namba. Yangu ni 1000, maana yake kikiwaka mara 1000 uniti moja imekwenda. Kama yako ni 1600 au namba nyingine, hesabia hiyo. Chomoa kila kitu, washa kimoja tu, shika simu uangalie dakika, hesabu.

Nilianza na balbu ya LED ya wati 9. Nilisimama barazani nikisubiri hadi nikadhani mita imekufa; kitaa kiliwaka mara moja baada ya karibu dakika 7. Televisheni na pangaboi, kila kimoja kama mara moja kwa dakika. Birika la umeme, mara 33 kwa dakika. Pasi yangu, 17. Nilirudia kuhesabu pasi mara tatu, kwa sababu pasi ndiyo iliyokuwa imewaka mezani kwangu tangu asubuhi, siku zote, miaka yote. Watoto niliwaomba radhi jioni ileile.

Kwa hiyo usianzie kwenye taa, labda kama bado una balbu za zamani za wati 60. Hizo zitoe leo. Anzia kwenye vitu vinavyotoa joto: pasi, birika, hita ya kuogea, jiko la umeme.

Pasi: usiiwashe kwa nguo moja. Mimi sasa napiga mara mbili kwa siku, kabla ya adhuhuri na jioni. Katikati ya kazi, mishono midogo nailaza kwa kucha au mgongo wa mkasi, nguo inakwenda mbele bila moto. Zamu ikifika, naanza na satini na vitambaa vyepesi pasi ikiwa bado haijapata moto sana, nafuata na kitenge na khaki, kisha nachomoa na kumalizia bitana kwa joto lililobaki. Nguo za shule za wiki nzima zinapigwa Jumapili, kwa mkupuo mmoja.

Maharage ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Zamani nilikuwa nayaacha kwenye jiko la koili saa mbili nzima, karibu uniti 2 kwa sufuria moja. Sasa nina kapu la kutunza joto, sufuria inaiva ndani yake bila moto, na kapu hilo nimelishona mwenyewe. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu. Shona mito miwili ya pamba, ijaze vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ukataji, vikavu kabisa, hadi kila mto uwe mnene kama upana wa kiganja. Mmoja unakaa chini, mwingine juu, na pembeni unashindilia vipande vingine ndani ya bitana ili sufuria iingie kwa kubanwa. Kona ukiacha tupu, joto linatokea hapo.

Loweka maharage usiku, mwaga maji yale, weka mapya. Yachemshe yatokote kwa nguvu dakika 20 kamili. Hapa usifanye haraka, maharage yasiyotokota vya kutosha yanaumiza tumbo. Sufuria iwe imejaa vizuri, maana iliyojaa nusu inapoa upesi. Funika na mfuniko unaobana, ingiza kapuni sufuria ikiwa bado inatokota, laza mto wa juu, usifunue. Baada ya saa 3 hivi toa, rudisha jikoni yachemke tena, unga na kitunguu, nyanya na tui. Yanakuwa laini bila kupasuka. Kama una uwezo wa kununua presha kuka ya umeme, nunua, nayo inapunguza sana. Kapu langu lilinigharimu bei ya kikapu tu.

Friji wengi wanalizima usiku. Mimi sishauri, asubuhi linaanza upya kupoza kila kitu, na chakula kinaharibika. Bana noti ya elfu moja kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka, badilisha. Yeyusha barafu isizidi unene wa kidole, sogeza friji mbali na ukuta na jiko, na usiingize sufuria ya moto.

Jambo moja la hatari. Ukichomoa kila kitu, hata friji na king'amuzi, swichi kuu ikiwa imewashwa, kitaa kinatakiwa kutulia. Changu kiliendelea kuwaka. Fundi aliyesajiliwa alikuta nyaya za taa ya bafu la nje zimeungwa kwa plastiki tu, na mvua imeingia. Usifungue mwenyewe. Umeme unaovuja ukutani unaua mtu.

Kwa waliochangia mita moja wapangaji watatu au wanne, 75 zinapitwa katikati ya mwezi hata kila mmoja akijibana. Zungumzeni na mwenye nyumba juu ya mita ya kila mmoja.

Kila magharibi nasoma uniti zilizobaki, naziandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye fremu ya mlango. Tofauti ya jana na leo ikizidi 2.5, kesho yake pasi inawaka mara moja tu. Mwezi uliopita tulinunua uniti 68, na taa ya sebuleni inawaka mpaka watoto wamalize kusoma.