Visiwa vya Ziwa Victoria kutoka Mwanza: anza na upepo, ramani baadaye

Wengi hupanga safari ya visiwani kwa kuangalia umbali na nauli. Ziwani hesabu ya kwanza ni upepo. Mchana jua hupasha nchi kavu, hewa ya juu ya maji ikavutwa kuelekea ufukweni, na kufikia saa nane mawimbi huwa yamekwisha kuamka. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya ziwa, ndiyo maana radi na dhoruba nyingi hupiga usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa boti ndogo, basi, safiri kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi, ukishaona anga limetulia, uwe umefika kabla ya saa sita. Ukichelewa kurudi, lala huko huko. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na njia za visiwani ni tope. Juni hadi Septemba ni kukavu, ila pepo za kusini mashariki huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo usiichezee saa ya asubuhi.

Mgeni asiyezoea maji aanze na kisiwa cha Saanane. Ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ikawa Hifadhi ya Taifa 2013. Boti ya hifadhi huondokea Capri Point, hapo hapo mjini Mwanza, na kuvuka hakumalizi robo saa. Usitegemee kulipa taslimu: malipo ya hifadhi hupitia namba ya malipo ya serikali au kadi. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiwango cha raia na cha mgeni hutofautiana sana. Nenda mapema: pimbi hutoka kuota jua juu ya mawe asubuhi, joto likipanda wanajificha. Mijusi wenye vichwa vya waridi na miili ya buluu hawajifichi hivyo, na ni rahisi kuwapiga picha. Swala pala wapo, kenge wako karibu na maji. Vaa viatu vyenye soli inayong'ata, maana mawe yakilowa huteleza vibaya. Usiogelee, kuna mamba. Nusu siku inatosha.

Ukerewe inahitaji angalau usiku mmoja. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani humu, na mji wake ni Nansio. Njia ni mbili. Meli kutoka bandari ya Mwanza huchukua saa tatu hadi nne. Ulizia ratiba siku moja kabla, hapo hapo bandarini, kwa sababu hubadilika meli ikiingia matengenezo. Njia ya pili ni basi la kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi. Hii ni ndefu barabarani, lakini maji ni machache, na ziwa likichafuka ndiyo bora.

Ukifika Nansio chukua bodaboda kwa siku nzima badala ya safari moja moja, na mpatane bei kabla ya kupanda. Jumba la watemi liko Bukindo, na kilima cha Handebezyo hukupa mtazamo wa kisiwa na maji yake. Katikati ni mashamba ya muhogo na michungwa. Chakula cha mama ntilie ni ugali wa muhogo na sato au sangara. Agiza mapema, kwani samaki wa asubuhi wakiisha hubaki dagaa. (Dagaa wenyewe si wa kudharau.)

Kutoka Ukerewe unaweza kuendelea Ukara kwa kivuko cha Bugolora hadi Bwisya. Wakara wanajulikana kwa kulima ardhi ndogo bila kuichosha: ng'ombe hufungwa zizini, samadi hupelekwa shambani. Ni katika njia hii MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake wa 101. Kwa hiyo ukiona chombo kimejaa, subiri kingine. Kikikaribia gati na watu wakaanza kusogea upande mmoja, wewe kaa ulipo hadi kifungwe kamba.

Boti ya kukodi ikague kabla ya kulipa. Hesabu majaketi ya kujiokolea, yalingane na vichwa, kisha vaa lako; lililofungiwa chini ya magunia halimwokoi mtu. Angalia kama kuna makasia, ndoo ya kuchotea maji, na mafuta ya kwenda na kurudi. Boti ikishapakiwa, ukingo wake uwe angalau shubiri mbili juu ya maji. Nahodha akisema "leo bado," msikilize. Anayestahili shaka ni yule asiyeahirisha kamwe.

Kama unataka kuona taa za wavuvi wa dagaa, chagua usiku wa giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, boti nyingi hupumzika na mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, huwa kimya. Asubuhi yake ndipo dagaa huanikwa. Usivuke juu ya walioanikwa mchangani, wala usipige picha bila ruhusa ya mwenye mali, mara nyingi akina mama. Amkia wakubwa kwa shikamoo, na ukitaka kulala kwenye kambi ya wavuvi jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti au ofisi ya BMU (kikundi cha kusimamia mwalo). Ukinunua, chukua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani hukwaruza meno.

Kichocho ndicho kinachowapata wageni wengi bila wao kujua. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na huwa vingi jua likiwa kali. Mwalo usio na gati, omba ubao wa kupandia usikanyage maji. Ukilowa, jikaushe kwa taulo mara moja, na wiki sita hadi nane baadaye kapime. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Rubondo ni safari ya peke yake: hifadhi tangu 1977, takribani kilomita za mraba 457, sehemu kubwa msitu, na haina vijiji. Kwa Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, kivuko cha Busisi hakikuli tena muda. Bandari ya Nkome, mkoani Geita, iko karibu zaidi kwa gari, lakini boti huchukua kama saa mbili. Kasenda, karibu na Muganza, barabara ni ndefu na kuvuka ni kama nusu saa. Ukikadiria kufika pwani baada ya saa tano, chagua Kasenda. Boti iwekwe na hifadhi kabla hujaondoka Mwanza, na kama utalala banda za Kageye beba chakula chako.

Sokwe wa Rubondo waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, na tembo na twiga nao waliletwa. Nzohe, swala wapendao maji, ni wenyeji: watafute alfajiri au jioni kandokando ya mafunjo, injini ikiwa imezimwa. Mbung'o hufuata nguo nyeusi na buluu, vaa kaki. Kumfuatilia sokwe huweza kula siku nzima bila kumwona, hivyo tenga siku mbili, na mwenye mafua abaki kambini, kwa sababu maradhi yetu huwaambukiza.