Kutumia Mafuta ya Manukato Nyumbani bila Kujidhuru

Chupa ya mililita 10 ya mafuta ya mkaratusi, lavenda au mchaichai, ambayo siku hizi haikosekani katika maduka ya vipodozi ya katikati ya jiji la Nairobi, ina takriban matone 200, na anayeitumia ipasavyo huchukua miezi kadhaa kuimaliza. Mafuta haya ni kiini cha mmea kilichotolewa kwa mvuke au, kama yalivyo ya limau na chungwa, kilichokamuliwa kutoka kwenye maganda. Ndiyo maana hupimwa kwa tone, wala hayamiminwi kiganjani. Unaponunua, tafuta lebo yenye jina la kisayansi la mmea, kwa mfano Lavandula angustifolia kwa lavenda, kwa kuwa chupa iliyoandikwa harufu tu huenda ikawa na manukato ya kiwandani.

Usiyapake kwenye ngozi kabla ya kuyazimua. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kawaida, yaani mililita 15, kinatosha matone 3 ukikusudia kupaka usoni, na matone 6 ukikusudia kukanda mgongo au miguu ya mtu mzima. Mafuta ya nazi yanafaa, ila huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24, na wanaoijua baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai watakubali kwamba ya alizeti au ya makadamia hayana usumbufu huo. Maji hayazimui chochote: ukidondosha mafuta ya manukato ndani ya karai la kuogea, yataelea juu na kukugusa yakiwa na ukali wake wote. Karafuu na mdalasini ni vikali kupita vingine, hivyo anayeanza asivitumie kwenye ngozi kabisa. Mchanganyiko wowote mpya ujaribu kwanza kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, kisha usubiri saa 24 uone kama patawasha au kuwa pekundu.

Mafuta ya limau, ndimu na bergamoti yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda yana hatari ya pekee, kwani huifanya ngozi iungue kwa jua kuliko kawaida na wakati mwingine kuacha madoa meusi ya muda mrefu. Nairobi iko karibu na ikweta, tena kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na jua la hapa huchoma hata siku ambayo hewa ni baridi. Anayepita mchana kutwa akisubiri matatu barabarani asiyapake shingoni wala mikononi asubuhi.

Kwa kifaa cha umeme cha kusambaza harufu, matone 3 hadi 5 katika mililita 100 za maji yanatosha. Kiwashe kwa nusu saa, ukizime, na dirisha liwe wazi kidogo, hasa katika chumba kimoja ambamo familia hupika, hula na kulala. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua hata na harufu inayowapendeza wengine. Paka naye hawezi kuyavunjavunja mafuta haya mwilini kama binadamu, kwa hiyo aachiwe njia ya kutoka.

Kujifukiza tunakujua tangu kwa bibi zetu, lakini bibi alitumia majani. Tone moja la mafuta ya mkaratusi linatosha bakuli zima. Funga macho, na sufuria ya maji yanayochemka isiwe karibu na mtoto. Watoto wachanga na wadogo wasifukizwe kamwe, wala wasipakwe mkaratusi au mnanaa karibu na pua, kwa sababu pumzi yao inaweza kukatika. Mjamzito na anayetumia dawa za kila siku wazungumze na daktari kwanza.

Usiyanywe, hata kwenye chai. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege, kwa hiyo chupa ikae juu, imefungwa vizuri, mbali na jiko, kwani mafuta haya hushika moto. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitalini mara moja, na uibebe chupa yenyewe ili daktari aione lebo.