Gari jipya, safari ndefu na marafiki: anza na upepo wa tairi

Kabla hamjapakia mabegi, fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Magari mengi yana vipimo viwili vya upepo: kimoja cha abiria wachache, kingine cha gari lililojaa. Wengi wetu hubaki na kile cha kwanza siku zote, halafu tunapanda watano na buti imejaa hadi juu. Tairi lenye upepo mdogo likibebeshwa mzigo hujipinda ubavuni, linapata joto, na mwendo ukiwa mrefu linaweza kupasuka. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Zikishatembea, kipimo hupanda na kukudanganya.

La pili, tafadhali lichukulieni kwa uzito: inueni sakafu ya buti. Magari mengi mapya hayana tairi la spea, yana pampu ndogo na chupa ya gundi tu, na gundi hiyo haizibi tairi lililochanika ubavuni. Afadhali mlijue hilo nyumbani kuliko gizani kando ya barabara, simu zote zikiwa hazina mtandao.

Mkitaka kupokezana usukani, soma bima kwanza. Nyingine humlinda dereva aliyetajwa tu. Kama injini haijamaliza kilomita 1,000 za mwanzo, usishikilie mwendo uleule saa nzima wala usikanyage mafuta mpaka mwisho. Na kila baada ya saa 2 simameni, hata dereva akiapa hajachoka.